Je, Pambo la Mchezo Halimdhuru Mtu?

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nipate kuyarudia maneno yangu mwenyewe. Muhula uliopita Chama chetu cha Mijadala kilikutana katika ukumbi wa chakula kuzungumza hoja hii: "Pambo la mchezo wa simu halimdhuru mtu." Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande uliokubali. Tulishinda kwa kura nyingi, nikabebwa mabegani mpaka bwenini kama mtu aliyefunga bao la mwisho. Leo naandika kusema ya kuwa tulishinda, lakini hatukusema kweli yote. Nami nitaeleza jinsi nilivyopata kujua hayo.

Kwa ajili ya wanafunzi wa zamani, hasa wale walioondoka hapa wakati simu ya shule ilikuwa moja tu ofisini mwa Bwana Mkuu, yafaa nieleze kwanza jambo lenyewe. Siku hizi michezo mingi ya simu hutolewa bure. Mtu huichukua kwenye intaneti pasipo kulipa hata senti, akaingia uwanjani kupigana na watu asiowajua, wa Nairobi, wa Cairo, wa Brazil. Lakini mle ndani mna duka. Katika michezo niisemayo hapa, duka hilo haliuzi bunduki iliyo kali zaidi wala miguu iliyo myepesi zaidi. Huuza koti, kofia, mabawa ya mgongoni, rangi ya bunduki, na ngoma ya kucheza baada ya kushinda. Mavazi hayo wachezaji huyaita skini. Aliyevaa skini ya bei kubwa na aliyevaa nguo ya bure wana nguvu sawasawa; risasi zilezile huwaangusha wote wawili. Tofauti yao ni kuonekana tu.

Biashara hii si ya jana. Mwaka 2006 kampuni ya Bethesda ya Marekani iliuza deraya ya farasi katika mchezo wake uitwao Oblivion, kwa bei ya dola 2.50. Wachezaji wengi walicheka sana. Nani atakayetoa fedha halisi ili farasi asiyekuwako avae chuma? Lakini kicheko hakikuizuia biashara. Mwezi wa Septemba 2017 kampuni ya Epic Games ilitoa mchezo wa Fortnite wa watu mia wanaopigana mpaka abaki mmoja, ikautoa bure kwa kila mtu, ikategemea kuuza mavazi na ngoma. Ikapata mabilioni ya dola. Tangu hapo kampuni nyingi zimeifuata njia hiyo, na njia hiyo imefika mpaka barazani kwa kinyozi wa mtaani kwetu.

Sasa nitaje hoja nilizozitoa siku ile, nazo nitazitaja kwa haki, kwa maana bado naona ya kuwa hazikuwa za kipumbavu.

Kwanza nilisema ya kuwa pambo huulinda usawa wa uwanja. Iko michezo mingine ambayo mwenye fedha hununua nguvu: hununua silaha bora, au wachezaji bora wa timu yake ya mpira, kisha huwapiga maskini wasiokuwa na kosa ila umaskini wao. Mchezo uuzao pambo peke yake haufanyi hivyo. Kijana wa Kawempe mwenye simu iliyopasuka kioo aweza kumshinda mwana wa tajiri wa London, na mabawa ya dhahabu hayatamwokoa yule.

Pili nilisema ya kuwa tajiri humlipia maskini. Mafundi waliotengeneza mchezo wanataka mshahara, na mitambo yao inataka umeme. Fedha hizo hutoka kwa wapenda mapambo, nasi wengine twacheza bure. Nikauliza, "Je, ni wapi pengine duniani ambapo tajiri hulipa kiingilio cha maskini, akakaa naye kiti kimoja?" Ukumbi ukapiga makofi.

Tatu nilisema ya kuwa binadamu hupenda kujipamba, wala si dhambi. Mtazameni dereva wa bodaboda katika barabara ya Bombo: ameipamba pikipiki yake kwa vibandiko, riboni na jina la timu yake ya Uingereza. Pikipiki haizidi mbio kwa ajili hiyo, lakini moyo wake umefurahi. Fedha ni zake, furaha ni yake, basi sisi twamwonea nini?

Katika upande wa pili alisimama kijana mmoja wa Kidato cha Tano, mpole, asiyezoea kusema mbele ya watu. Aliuliza neno moja tu. "Bwana Mwenyekiti, ikiwa pambo hilo halifanyi kitu, mbona watu hulinunua kwa fedha nyingi?" Nami nikajibu, "Nenda kamwulize mama yako habari za vipuli vyake." Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza, na yule kijana akaketi. Ndugu zangu, swali lake lilikuwa swali la haki. Mimi nililifukuza kwa mzaha kwa sababu sikuwa na jibu.

Jibu nililipata nyumbani wakati wa likizo.

Kwetu ni Kawempe, upande wa kaskazini wa Kampala. Mama yangu huuza nyanya katika soko la Kalerwe. Hutoka alfajiri, hununua sanduku zima, kisha huzipanga nyanya mafungu mafungu na kuziuza mpaka jioni. Fedha zake huziweka katika simu yake ndogo ya tochi, kwa kuwa aogopa kulala na noti chumbani. Macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo, kwa hiyo mara nyingi humwita mdogo wangu, mtoto wa miaka 13, amsomee ujumbe na kumtumia watu fedha. Basi mdogo wangu aliijua namba ya siri, wala hakuiiba. Alipewa kwa kuaminiwa.

Katika likizo vijana wa mtaani hukusanyika kwenye baraza ya kinyozi mmoja, kwa sababu hapo pana umeme wa kuchajia simu. Kila mtu hununua intaneti ya siku moja, kisha hucheza pamoja mchezo wa bunduki ambao sitautaja jina. Mimi hukaa katika kundi hilo. Mwaka jana niliosha pikipiki kwa wiki mbili, na sehemu ya ujira wangu niliinunulia skini nyeusi yenye kofia ya chuma. Mdogo wangu alirithi simu yangu ya zamani akaja kucheza nasi. Alikuwa amevaa nguo ya bure, fulana ya kijivu, ile wapewayo watu wote siku ya kwanza. Pale barazani mchezaji wa namna hiyo tuna jina lake kwa Kiganda: *owa bwereere*, yaani mtu wa bure, mtu asiye na kitu.

Siku moja Mama alikwenda kwa wakala wa pesa za simu kutoa fedha za kununulia sanduku la nyanya. Wakala, dada mmoja kijana, akamwambia, "Nyanya hizo hazitanunulika leo, Mama. Fedha hazitoshi." Mama hakuamini. Alijua hesabu yake kwa kichwa. Alidhani dada yule amemwibia, akasema hivyo kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa wakingoja zamu yao. Nilipoitwa nilimkuta yule dada analia na Mama anatetemeka. Kisha dada akafungua orodha ya malipo, akatusomea moja baada ya jingine. Malipo yalikuwa 9 katika muda wa wiki tatu, yote yamekwenda kwa namba moja ya kijana wa mtaani anunuliaye wengine vito vya mchezo. Dogo kabisa lilikuwa shilingi 2,000, na kubwa kabisa shilingi 10,000. Jumla yake shilingi 58,000. Ndani yake mlikuwa na mtaji wa Mama, tena mlikuwa na fedha za karatasi, sabuni na ufagio ambavyo mdogo wangu mwenyewe alitakiwa kwenda navyo shuleni.

Jioni Mama hakumpiga. Alisema tu, "Nionyeshe hicho ulichonunua." Mdogo wangu akatoa simu. Akamwonyesha mtu mdogo mwenye koti jekundu na mabawa, anayegeuka polepole kama kuku katika moto. Mama akakaza macho akatazama sana. Akauliza, "Huvaliwa wapi koti hili?" Mdogo wangu akajibu, "Mle ndani, Mama." Mama akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mimi nilidhani labda umenunua viatu." Maana viatu vyake vya shule vilikuwa vimefunguka mdomo tangu muhula wa pili.

Kisha akamwuliza kwa nini. Mtoto hakumtazama Mama. Alinitazama mimi, akasema, "Kaka ndiye aliyeanza kuniita *owa bwereere*."

Ilikuwa kweli. Nilimwita hivyo siku yake ya kwanza, kwa kucheka, nami nimevaa kofia yangu ya chuma. Wengine wote walilichukua jina kutoka kinywani mwangu.

Tangu siku ile nimelifikiri swali la yule kijana wa Kidato cha Tano. Ikiwa pambo halifanyi kitu, mbona hununuliwa? Mimi naona jibu ni hili: kinachouzwa si koti. Koti ni picha tu, nayo ikikwisha kuchorwa mara moja yaweza kuuzwa mara milioni pasipo kuhitaji uzi wala kitambaa. Kinachouzwa ni kuepuka aibu. Na ili mtu anunue kuepuka aibu, yapasa kwanza aibu iwepo, na mtu wa kuitia awepo. Ile hoja yangu ya pili, ya tajiri kumlipia maskini, ilisahau jambo moja. Maskini yule hakukaribishwa kuwa mgeni tu. Amewekwa uwanjani ili mwenye mabawa apate wa kumtazama. Mabawa yasiyotazamwa na mtu hayana bei. Sisi tuchezao bure ndio macho ya biashara hiyo, nasi tukianza kuchekana wenyewe kwa wenyewe, twaifanyia kampuni kazi ya kutangaza bidhaa, wala hailipi mshahara.

Tena hoja yangu ya bodaboda ilikuwa na upungufu. Ni kweli binadamu hujipamba, lakini nguo haikuwa kamwe "nguo tu". Hilo wazee wetu walilijua vema. Kule Zanzibar, utumwa ulipokomeshwa kwa sheria mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka utumwani waliacha nguo za kaniki na merikani zilizowatambulisha, wakavaa kanga za rangi. Nani atasema ya kuwa kanga ile ilikuwa pambo tu? Ilikuwa ni kusema, "Mimi ni mtu kama wewe." Na hapa kwetu Buganda, gomesi, vazi la heshima la mama zetu, lilichukua jina la fundi cherehani wa Kigoa aliyeitwa Gomes. Hata leo mwanamke akialikwa kwenye harusi huazima gomesi kuliko kwenda bila. Hakuna amcheleweshaye mlangoni asipokuwa nayo, lakini moyo wake utamzuia. Nguvu ya nguo iko hapo, nayo ni nguvu ileile iliyomshika mdogo wangu.

Na sisi wenyewe, kwa nini tunavaa sare? Wamisionari walioanzisha shule hii hawakuwa wajinga wa habari hiyo. Shati jeupe moja kwa mwana wa daktari na kwa mwana wa mwuza nyanya, ili darasani mtu apimwe kwa kichwa chake. Hata hivyo sote twajua yanayotokea siku ya wazazi kututembelea: sare ni moja, lakini viatu vinasema, soksi zinasema, saa ya mkononi inapiga kelele. Basi ikiwa sisi wanafunzi wa kidato cha juu, tulio na miaka 18 na 19, hatujaweza kuvishinda viatu, twamtakaje mtoto wa miaka 13 ayashinde mabawa?

Yako na makosa mengine ambayo si ya moyo wetu, ni ya duka lenyewe, na yafaa tuyataje pasipo kuoneana haya.

La kwanza, bei imefichwa. Dukani kwa Mama fungu la nyanya lina bei ya shilingi, nawe waijua kabla ya kutoa mkono. Katika mchezo wanunua kwanza vito, kisha vito hununua koti. Na vito huuzwa kwa mafungu yasiyolingana na bei ya koti, hata hubaki vichache visivyotosha kitu, nawe wasukumwa kuongeza. Mdogo wangu hakujua ya kuwa ametumia shilingi 58,000. Alijua vito. Mwezi wa Machi 2025 wakuu wa Ulaya wa kuwalinda wanunuzi walitoa kanuni kwamba bei ya vitu vya ndani ya mchezo ionyeshwe wazi kwa fedha halisi. Kanuni hiyo si ya Wazungu peke yao. Mama yangu aliitumia Kalerwe kabla yao.

La pili ni udogo wa malipo. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Mdogo wangu asingethubutu kuchukua shilingi 58,000 siku moja, 2,000 alithubutu. Na palipo urahisi wa kubonyeza, mtoto hubonyeza. Mwezi wa Desemba 2022 Epic Games ilikubali kulipa dola milioni 520 katika mashtaka ya Tume ya Biashara ya Marekani, na dola milioni 245 kati ya hizo zilikuwa za kuwarudishia wanunuzi. Tume ilisema ya kuwa vibonyezo vilipangwa kwa namna ambayo mtu aliweza kutozwa fedha kwa mguso mmoja asioukusudia, na ya kuwa mpaka mwaka 2018 watoto waliweza kununua pasipo idhini ya mwenye kadi. Angalieni, mambo hayo ya vibonyezo yalikuwa hasa habari za pambo. Watu hawakununua nguvu, wala hilo halikuwazuia kudhurika.

La tatu ni bahati nasibu. Baadhi ya michezo haikuuzii koti ulitakalo, bali hukuuzia sanduku lililofungwa. Wafungua, labda limo, labda halimo. Mwezi wa Aprili 2018 Tume ya Kamari ya Ubelgiji iliamua ya kuwa masanduku ya michezo kadhaa ni kamari iliyo kinyume cha sheria, na mmoja wa michezo hiyo ulikuwa Overwatch, ambao masanduku yake yalitia mapambo peke yake. Hoja ya "pambo tu" haikuwaokoa. Nasi Uganda tuna sheria yetu ya mwaka 2016 ya bahati nasibu na kamari, ikatazayo mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza. Mimi mwenye miaka 19 sina ruhusa ya kuweka dau katika duka la kamari, lakini mtoto wa miaka 13 aketiye nje ya duka hilohilo aweza kufungua sanduku la bahati kwa fedha ya mama yake. Hapo sheria imefunga mlango na kuacha dirisha wazi.

La nne, kitu ulichonunua si chako. Mchezo wa magari uitwao The Crew ulitoka mwaka 2014. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ya Ubisoft iliizima mitambo yake, na waliokuwa wameulipia hawakuweza kuucheza tena, wala magari yao ya humo hawakubaki nayo. Baadaye mwaka huohuo jimbo la California likapitisha sheria kwamba mwuzaji wa vitu vya namna hiyo amwambie mnunuzi waziwazi ya kuwa anapewa ruhusa ya kutumia tu. Wahenga wetu walikwisha kusema ya kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Gomesi ya Mama yaweza kurithiwa na dada yangu. Mabawa ya mdogo wangu hayatamfikia mtu.

Wako watakaosoma hayo wakasema, "Basi michezo yote ya simu ipigwe marufuku." Mimi sisemi hivyo. Baraza ile ya kinyozi imenipa rafiki, na usiku wa mvua mchezo ni afadhali kuliko mengi yafanyikayo gizani. Wala sisemi ya kuwa kujipamba ni dhambi. Mtu mzima anayelipa kwa jasho lake, akijua bei, na alipe. Wako na watakaosema, "Kosa ni la mzazi, kwa nini hakulinda simu yake?" Hao nawaomba wasimame siku moja Kalerwe tangu alfajiri mpaka taa zinapowashwa, halafu waniambie ni saa ngapi ambayo Mama angejifunza habari za vito.

Basi tufanye nini? Kwa wanafunzi wenzangu nina neno moja. Aibu ile yatoka vinywani mwetu, kwa hiyo tuna uwezo wa kuiondoa pasipo kungoja Bunge wala California. Tusimcheke mtu wa nguo ya bure. Tukiacha kucheka, mabawa yatabaki kuwa mabawa, na apendaye atayanunua kwa kuyapenda. Tena kila mmoja wetu aliye na mdogo wake nyumbani na amwulize leo, kwa upole, anacheza nini na analipia nini. Na tuwasaidie mama zetu kubadili namba za siri, kisha tuwafundishe kusoma ujumbe wao wenyewe.

Kwa wanafunzi wa zamani, ninyi mlio katika mabenki, katika kampuni za simu, katika uwakili na katika Bunge, naomba mambo mawili. Mlio katika kampuni, itafuteni njia ya mwenye simu kuweka kikomo cha malipo ya siku, kwa maneno machache na kwa lugha za nyumbani, ili Mama aweze kukiweka mwenyewe. Mlio katika sheria, tazameni ikiwa sanduku la bahati la mchezo laingia katika sheria ya mwaka 2016. Na kama haliingii, liingizwe. Hapana shaka ninyi mwayajua mambo haya kuliko mimi. Lakini mimi ninayajua ya barazani, na nyumba nyingi za Kawempe zina baraza kama ile.

Mtauliza habari za nyumbani. Mama alikwenda mwenyewe kwa yule dada wakala, mchana kweupe, penye watu walewale, akamwomba radhi. Akarudi akasema ya kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa nzito kuliko shilingi. Mimi na mdogo wangu tuliosha pikipiki katika siku zote zilizobaki za likizo. Tulirudisha shilingi 41,000, na 17,000 bado tunadaiwa. Katika mchezo nimeivua ile kofia ya chuma, nikavaa fulana ya kijivu. Siku ya kwanza barazani waliniita *owa bwereere*, nami nikaitika. Mdogo wangu aliinua macho kutoka kwenye simu yake akanitazama, wala hakusema neno.

Mwisho, Bwana Mhariri, namwomba mwenyekiti wa Chama cha Mijadala airudishe hoja ile muhula ujao. Mimi nitasema upande wa pili, na msemaji wa kwanza nataka awe yule kijana wa Kidato cha Tano. Safari hii akiuliza swali lake, asijibiwe kwa kicheko.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Sita, Kawempe.